Kazi ya Karakana Katika Shahada ya Sanaa za Ufundi: Maelezo kwa Makada wa Kitete

Katika madarasa ya itikadi tunayoyaendesha hapa Tabora, na hasa katika kata ya Kitete, liko swali moja ambalo limekuwa likiulizwa kwa namna mbalimbali na wazazi, na vijana waliomaliza kidato cha sita, na hata na makada wenzetu. Swali lenyewe ni hili: je, ni halali kwa kijana aliyefaulu mitihani yake kwenda Chuo Kikuu kwa miaka mitatu kusomea uchoraji na uchongaji? Wengine huuliza kwa mzaha, wakisema kwamba hata mtoto wa chekechea anachora. Wengine huuliza kwa uchungu, kwa kuwa wao ndio watakaouza tumbaku au asali ili kulipa ada. Mzazi huyu wa pili hastahili kujibiwa kwa kaulimbiu. Anastahili kuelezwa hasa mwanawe atafanya nini humo ndani tangu asubuhi mpaka jioni, na kwa nini jambo hilo liitwe elimu.

Makala hii inajaribu kutoa maelezo hayo. Ngoma, maigizo na muziki, yaani sanaa za maonyesho, tunaziacha kando. Tunazungumzia sanaa za ufundi, ambazo ni uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, uchapaji wa picha na usanifu wa vitambaa. Tena tunazungumzia ile sehemu ya shahada inayofanyika karakanani, mwanafunzi akiwa amesimama mbele ya kazi yake na mikono imechafuka. Sehemu ya mihadhara na vitabu haina mgogoro na mtu. Mgogoro uko kwenye mikono iliyochafuka.

Chimbuko la dharau

Dharau dhidi ya masomo haya haikuzuka hewani, na hapa Tabora tuna ushahidi wake karibu. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilianzisha Shule ya Tabora, kwanza kwa ajili ya watoto wa watemi na machifu, ikiigiza shule za mabwana wa kwao Uingereza. Lengo lilikuwa kupata watawala wadogo na makarani wa kuendesha gurudumu la ukoloni. Ni kweli kwamba historia ina vituko vyake, kwani shule hiyohiyo ndiyo iliyomsomesha Mwalimu Nyerere tangu mwaka 1937 hadi 1942. Lakini mgawanyo uliojengeka katika fikra za watu haukuondoka. Mwenye akili ni yule anayeiacha kazi ya mikono. Fundi ni yule ambaye shule ilimshinda. Kijana aliyeshika kalamu akaitwa msomi, na kijana aliyeshika patasi akaitwa fundi tu, na neno hilo "tu" limedumu kuliko ukoloni wenyewe.

Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu aliupinga mgawanyo huo waziwazi. Hata hivyo, katika utekelezaji kazi ya mikono ilieleweka zaidi kuwa jembe na shamba la shule. Ni shule chache zilizofikiria kwamba tezo, udongo wa kufinyangia na brashi navyo ni nyenzo za elimu. Sisi tunaona kwamba huo ulikuwa upungufu wa tafsiri kuliko upungufu wa siasa yenyewe.

Katika nadharia jambo hili lilikwisha kuelezwa siku nyingi. Friedrich Engels, katika andiko lake la mwaka 1876 kuhusu nafasi ya kazi katika mageuzi ya binadamu, alieleza kwamba mkono si chombo cha kufanyia kazi peke yake, bali wenyewe ni zao la kazi. Na kwamba ni kwa kazi ya maelfu ya vizazi mkono ulifikia uwezo wa kuchora picha kama za Raphael. Maana yake kwa mwalimu ni kwamba mkono hufikiri pamoja na kichwa. Anayeuacha mkono bila mafunzo ameiacha sehemu ya akili bila mafunzo.

Kinachofanyika karakanani

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huanza kwa kuchora vitu vilivyo mbele yake: chungu, kigoda, kiatu kikuukuu, mwenzake aliyekaa. Hapa ndipo wengi wanaposhangaa, maana walidhani wanajua kuchora. Mwekee mwanafunzi chungu mezani, kimo cha kifua chake, umwambie achore. Atachora mdomo wa chungu ukiwa duara kamili, kisha kitako atakichora kwa mstari ulionyooka. Kwa nini? Kwa sababu anajua kwamba mdomo wa chungu ni duara, na anajua kwamba chungu kimekaa juu ya meza iliyonyooka. Amechora anachokijua, wala hakuchora anachokiona. Jicho lake, kwa pale alipokaa, linaona duara lililobonyea, na linaona kitako nacho kimepinda kidogo. Itamchukua wiki kadhaa za kufuta na kurudia kabla jicho halijashinda mazoea.

Tunawaomba makada wasilipite jambo hili haraka. Mara ngapi katika kazi zetu tunaandika taarifa ya kijiji kwa jinsi tunavyojua kijiji kinatakiwa kiwe, badala ya jinsi kilivyo? Somo la kuchora chungu ni somo la kutazama ukweli ulio mbele yako na kuukubali hata kama unapingana na ulichokariri. Hatusemi kwamba kila kada aende kusomea uchoraji. Tunasema kwamba nidhamu hii ina jina na ina njia ya kuifundisha, na haipatikani kwa kusikiliza mhadhara.

Baada ya mistari huja mwanga na kivuli. Kwa mkaa na karatasi mwanafunzi hujifunza kutofautisha weusi wa namna sita au saba, akigundua kwamba kivuli cha chini ya kigoda si cheusi mahali pote, bali hupata nuru kidogo inayorudishwa na sakafu. Hufundishwa pia kuchora nafasi tupu: badala ya kuchora miguu ya kigoda, achore uwazi ulio kati ya mguu na mguu. Akiupata uwazi sawasawa, miguu hutokea yenyewe mahali pake. Zoezi hili huwasaidia sana wale waliokwama.

Rangi ni elimu peke yake. Katika karne ya 19 kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Ufaransa, kilikuwa na mkemia aitwaye Chevreul. Kulikuwa na malalamiko kwamba rangi nyeusi ya nyuzi ilikuwa hafifu. Chevreul alichunguza akakuta rangi haina kasoro. Kasoro ilitokana na rangi nyingine iliyopakana nayo. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kuhusu kanuni hiyo, kwamba rangi hubadilika machoni kwa ajili ya jirani yake. Kijivu kilichozungukwa na nyekundu huonekana kuelekea kijani. Mwanafunzi huhakikisha haya kwa vipande vya karatasi, na baadaye huyatumia anaposanifu khanga au bango. Msanifu asiyejua kanuni hii atachagua rangi nzuri mojamoja, halafu khanga ikitoka kiwandani ataona imepooza, naye hatajua kosa liko wapi.

Katika ufinyanzi na uchongaji mwanafunzi hukutana na mwalimu asiyebembelezeka, yaani malighafi. Udongo usiokandwa vizuri hubaki na mapovu ya hewa na sehemu ngumu. Chungu kisichokauka hupasuka motoni kwa sababu maji yaliyobaki ndani yake hugeuka mvuke ukakosa njia ya kutokea. Moto wa wazi wa kuni, kama wanaoutumia mama zetu wafinyanzi, hufikia nyuzi 600 hadi 900 za sentigredi; vyombo vigumu visivyopitisha maji huhitaji tanuri la zaidi ya nyuzi 1200. Mti nao una tabia zake. Gogo bichi hukauka nje kabla ya ndani, kwa hiyo hupasuka kuelekea kiini. Mchongaji asiyejua hivyo humaliza sanamu leo na kukuta ufa usoni mwezi ujao. Hakuna maelezo ya ufasaha yanayoweza kuuziba ufa huo.

Mwaka wa pili na wa tatu mwanafunzi huelekea kwenye fani aliyoichagua, akafanya kazi kubwa kwa muda mrefu, akaandika maelezo ya kazi yake, na mwishoni akaitundika katika maonyesho mbele ya watu. Daftari lake la michoro ya awali nalo hutazamwa, ili walimu wajue kazi ilizaliwaje na njia zipi alizijaribu akaziacha.

Liko jambo moja la karakanani ambalo tunadhani makada watalielewa upesi kuliko watu wengine. Nalo ni uhakiki wa pamoja. Kila baada ya muda wanafunzi hupanga kazi zao ukutani, nao hukaa pamoja na mwalimu kuzijadili moja baada ya nyingine. Mwenye kazi hueleza alikusudia nini. Wenzake humwambia wanaona nini. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo somo la siku hiyo. Huku ni kukosoa na kujikosoa kwa maana halisi, kwa sababu kinachojadiliwa kiko mbele ya macho ya wote na hakuna anayeweza kukikana. Si rahisi. Wako wanaolia. Wako wanaosifiana kwa urafiki, na karakana ya namna hiyo hufa, kama kinavyokufa kikao cha tawi ambamo kila taarifa hupokelewa kwa makofi.

Makerere na Dar es Salaam

Elimu hii katika Afrika Mashariki ilianza Makerere. Mwaka 1937 Mwingereza mmoja, Bibi Margaret Trowell, alianzisha madarasa ya sanaa Kampala, ambayo baadaye yalikuwa shule ya sanaa ya chuo hicho. Bibi Trowell aliamini kwamba Mwafrika asifundishwe kuiga picha za Ulaya. Alitaka wanafunzi wachore maisha yao na hadithi zao kutoka katika mawazo yao wenyewe. Aliyempokea kazi mwaka 1958, Cecil Todd, alishika njia tofauti: wanafunzi wapewe historia ya sanaa ya dunia na kanuni za rangi, kisha waamue wenyewe.

Mabishano hayo hayajaisha hadi leo katika kila karakana ya Kiafrika, kwa hiyo yafaa tuseme msimamo wetu. Hofu ya Trowell ilikuwa na msingi, maana kuiga ni kasumba mbaya. Lakini kumnyima mwanafunzi elimu ya dunia kwa kisingizio cha kuilinda asili yake ni kumfungia nje ya ghala, na wenye funguo wakawa watu wengine. Todd alikuwa sahihi zaidi. Lililobaki ni kuuliza ghala hilo lina nini, na je, kazi za Unyamwezi zimo?

Miongoni mwa Watanganyika wa mwanzo kupita Makerere alikuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyeishi tangu mwaka 1923 hadi 1993. Alisoma pia katika shule ya Slade, London, kuanzia mwaka 1952 hadi 1955, akafundisha Makerere, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 akapelekwa London kuwa balozi. Tulilitafakari jambo hili darasani. Taifa changa lenye wasomi wa kuhesabika lilimpeleka mchoraji kuliwakilisha kwa mtawala wake wa jana. Picha za Ntiro ni za watu wa Kilimanjaro wakilima, wakivuna, wakijenga, wakifanya sherehe. Mojawapo, ya mwaka 1956, inayowaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Museum of Modern Art mjini New York. Elimo Njau wa Marangu naye alitoka Makerere, akachora picha kubwa za ukutani katika kanisa la Murang'a, Kenya, ambamo habari za Injili zimewekwa katika mandhari ya Kiafrika.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya sanaa za maonyesho ilianza mwaka 1967, na mwaka 1975 ilipanuliwa ikaingiza sanaa za ufundi na muziki. Elias Jengo, aliyesoma Makerere, alifundisha huko kwa miaka mingi, na walimu wengi wa sanaa nchini wamepita mikononi mwake. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, nacho kilitoa walimu wa masomo haya. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981 na kugeuzwa kuwa taasisi mwaka 2007, ingawa jina lake limevuma zaidi kwa ngoma na maigizo.

Kitete inachukua nini kwenda karakanani

Kijana wa Kitete anayekwenda Dar es Salaam kusoma shahada hii hupanda garimoshi na kuelekea mashariki karibu na njia ileile waliyoipita babu zake wapagazi. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara, wakazipitisha Unyanyembe hadi Bagamoyo, zikavuka Unguja. Sehemu kubwa ya pembe hizo ziliishia katika miji midogo ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, Marekani, ambako viwanda vilizikata kuwa vipande vya kuwekwa juu ya funguo za piano. Kutoka hukohuko Marekani kilikuja kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita amerikani, na hapa Tabora kilitumika kama fedha. Mwanafunzi wa uchoraji huipigilia amerikani hiyohiyo kwenye fremu ya mbao, akaipaka rangi nyeupe ya msingi, ikawa kanvasi yake. Tunataja habari hii ili ieleweke kwamba Tabora haikuwa pembezoni mwa dunia. Ilikuwa katikati ya biashara, ila kwa upande wa kutoa malighafi.

Lakini hawakuwa watoa malighafi pekee. Katika makumbusho ya Ulaya na Marekani viko viti vya enzi vya watemi wa Kinyamwezi, kikiwemo kimoja maarufu kilichoko Berlin. Kiti cha namna hiyo huchongwa kutoka katika gogo moja: miguu, makalio na mgongo mrefu, pamoja na umbo la binadamu lililochongwa kwenye mgongo huo. Seremala wa leo wa Kitete anayetengeneza kitanda cha mninga huunganisha vipande kwa ndimi na gundi. Akikosea kipande kimoja hubadilisha. Mchonga kiti cha enzi hakuwa na nafasi hiyo. Ilimbidi auone mguu na kichwa kwa pamoja ndani ya gogo kabla hajapiga tezo la kwanza, na aondoe kila kisichohitajika bila kurudisha. Katika lugha ya karakana hii inaitwa kuchonga kwa kupunguza, na vyuo vingi vya sanaa duniani huifundisha.

Kwa nini basi ufundi huo haukuendelea hapa? Jibu ni la kiuchumi na kisiasa. Kazi ya kiti cha enzi ilimhitaji mtemi, na utemi ulihitaji mamlaka. Mwezi Januari 1893 Wajerumani waliishambulia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, naye akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Utemi uliofuata ulikuwa chini ya mkoloni, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliufuta kisheria. Uamuzi wa mwaka 1963 ulikuwa wa lazima katika kujenga taifa moja. Hata hivyo hakuna chombo kipya cha umma kilichochukua nafasi ya mtemi kama mwagizaji wa kazi. Ofisi zetu, zikiwemo za vyama na serikali, zina viti vya plastiki na vya chuma vya kuagiza kutoka nje. Hili linatuhusu sisi moja kwa moja, wala halimhusu mwanafunzi.

Mfano wa pili ni picha za ukutani za Bayeye, chama cha wacheza na nyoka cha Wasukuma na Wanyamwezi. Ndani ya nyumba zao za jando la chama walichora nyoka, watu na viumbe wa hadithi kwa rangi za udongo na majivu na mkaa, na kwa picha hizo waliwafundishia wanachama wapya. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alizikusanya na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1953. Kwa hiyo picha kama chombo cha mafunzo ya siri na ya ngazi haikuletwa na misheni wala na Makerere. Kijana wa Kitete akifika karakanani akaambiwa kwamba uchoraji wa ukutani ulianzia Italia, awe na jibu la heshima.

Utata wa ubunifu

Hapa panatokea utata ambao tungependa wanafunzi waufikirie kwa makini. Chuo hutoa alama kwa ubunifu wa mtu binafsi. Swali la mwalimu ni: wewe umeleta nini kipya? Mfinyanzi wa kijijini hakuulizwa hivyo. Aliulizwa kama chungu chake kinachemsha bila kupasuka, na kama kinafanana na vyungu vya nyumba anakotoka bibi harusi. Ufundi wake ulikuwa wa kurudia kwa usahihi, na mabadiliko yalikuja polepole mno.

Wengine huharakisha kusema kwamba kwa hiyo chuo ni cha kibepari na kijiji ni cha kijamaa. Hiyo ni nadharia ya mkato, nasi hatuikubali. Kurudia nako kunaweza kuwa utumwa. Tazama picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichukua vipande vya ubao laini vya mraba na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, vitu vya bei nafuu vya mjini, akabuni uchoraji ambao haukuwepo. Wanafunzi wake waliuendeleza, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika, jambo la kupongezwa. Lakini soko la watalii hudai chui yuleyule na twiga yuleyule, kwa maelfu. Mchoraji anayechora twiga wa mia nne kwa sababu wa mia tatu wameuzika hayuko katika hali ya mfinyanzi wa kijijini, ingawa wote wawili wanarudia. Mfinyanzi alijua nani atapika katika chungu kile. Mchoraji wa twiga hamjui mnunuzi, wala mnunuzi hamjui.

Maoni yetu ni kwamba shahada inapaswa kufundisha kurudia na kubuni kwa utaratibu huo. Mwanafunzi akae muhula mzima na mfinyanzi mzoefu, atengeneze vyungu thelathini vya namna moja mpaka mfinyanzi aridhike, na mama yule alipwe kama mkufunzi. Baada ya hapo ndipo aulizwe jipya. Ubunifu wa mtu ambaye hajaweza kurudia kitu kwa usahihi ni bahati tu.

Siku hizi vijana huongeza hoja nyingine: akili mnemba hutoa picha kwa sekunde chache, basi kuna haja gani ya kutesa mkono? Turudi kwenye chungu. Mashine hutoa duara lililobonyea sawasawa, kwa kuwa imelishwa picha nyingi zilizochorwa na kupigwa na watu. Kijana asiyefundishwa kutazama hataweza kujua lini mashine imekosea, na picha yoyote atakayopewa ataipokea. Katika nchi inayopokea picha nyingi kutoka nje kuliko inazotoa, huo ni udhaifu wa kisiasa.

Kuhusu ajira

Mzazi bado anangoja jibu la ajira, na tusimdanganye. Nafasi za kuajiriwa kwa jina la msanii ni chache sana. Wahitimu huwa walimu, wasanifu wa vitabu na matangazo, wasanifu wa vitambaa, watumishi wa makumbusho, watengenezaji wa mandhari za filamu, na wengi hujiajiri. Nao hao wa kujiajiri huumia zaidi kwa kutojua haki zao: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mwenye kazi, lakini michoro huchukuliwa na kuchapwa kwenye fulana bila malipo, na mwenyewe hulalamika kijiweni badala ya kudai. Pia mahitaji yapo pasipoitwa sanaa. Hospitali ya Kitete huhitaji picha za kumweleza mama asiyejua kusoma jinsi ya kumpa mtoto dawa, na picha iliyochorwa ovyo huweza kumpotosha. Anayeichora yafaa awe amejifunza kuuliza mtazamaji ataona nini, na hilo, kama tulivyoeleza, hujifunzwa katika uhakiki wa pamoja.

Kwa kijana aliyekwisha kuamua, ushauri wetu ni wa vitendo. Asingoje barua ya chuo. Aanze sasa kuweka jalada la kazi: michoro ya kila siku yenye tarehe, mizuri na mibaya, kwa penseli au kwa mkaa wa jikoni. Achore mafundi seremala wakiwa kazini. Aende Kwihara, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, asichore habari za wazungu hao bali unene wa ukuta wa udongo na jinsi mwanga unavyoingia. Na atafute picha za viti vya enzi vya Kinyamwezi, azichore kwa pande zote atakazozipata. Ataona kwamba katika baadhi ya viti hivyo umbo la mtu limechongwa upande wa nyuma wa mgongo, mahali ambapo mtemi aliyekaa hawezi kuliona. Mchongaji alilikusudia lionwe na nani? Swali hilo tumelipeleka kwenye darasa letu la mwezi ujao, na yeyote mwenye mchoro aje nao.